Usiku Mia Bila Yowe

Kama hujawahi kufika nchini kwetu, pole. Kama umewahi kufika, pole zaidi. Jina la nchi sitalitaja, kwa kuwa kulitaja kunahitaji kibali, na mtoa vibali yuko likizo tangu siku aliyopewa kazi. Itoshe kusema kwamba ni nchi salama. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika hivyo, kwa wino mweusi, mara tisini na tisa, na kila mara nikagonga muhuri.

Naitwa Msabaha, karani wa Nyangoro. Nyangoro ni kijiji cha kaya mia mbili na kumi na nne, mwisho kabisa wa barabara, mahali ambapo barabara yenyewe ilifika ikachoka. Umeme haujatufikia. Jua likizama tunapata giza halisi, lisilochanganywa na kitu.

Kabla serikali haijatugundua, ulinzi wetu ulikuwa wa kishamba. Mtu akivamiwa usiku, alipiga yowe. Jirani aliyelisikia hakuuliza nani wala kuna nini. Alilipokea, akalipiga na yeye, akatoka na chochote kilichokuwa karibu: mchi, jembe, hata kigoda. Wa tatu akapokea kwa wa pili, na muda si muda kijiji kizima kikawa nje. Asiyetoka alitozwa beberu asubuhi, na akifiwa alichimba kaburi peke yake. Nakumbuka mwizi mmoja wa mbuzi aliyelikimbia yowe la mashariki akakutana nalo likimjia kutoka magharibi. Alikaa chini, akamwachia mbuzi kamba, akaomba maji ya kunywa. Ndivyo tulivyokuwa nyuma kimaendeleo.

*

Waziri wa Hisia za Usalama alikuja na magari kumi na moja, moja likiwa limebeba kiti chake tu. Tulikusanywa uwanjani tukapewa kofia.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu imefanya utafiti nchi za nje kwa miaka minne, na mimi mwenyewe niliishi huko hotelini kwa ajili yenu. Tumegundua kwamba uhalifu una sehemu mbili. Kuna tendo, na kuna hisia. Tendo ni gumu kulikamata, kwa sababu lina miguu, linakimbia. Lakini hisia haina miguu! Hisia imekaa hapo hapo kifuani mwako, na kifua chako serikali inajua kinalala wapi."

Tulipiga makofi. Kwa ile sentensi ya mwisho tulichelewa kidogo, lakini tulipiga.

"Ng'ombe akiibiwa kimya kimya," aliendelea, "aliyeibiwa ni mtu mmoja. Mkipiga mayowe, mnaibiwa usingizi kijiji kizima. Sasa hapo mwizi mkubwa ni nani?"

Watu wakatazamana. Wengine wakaanza kujishuku.

Basi ikatangazwa kwamba kuanzia jioni ile hakuna yowe bila Fomu Y-3. Fomu ilijazwa nakala tatu na kuletwa kwa karani kabla ya saa tisa na nusu alasiri ya siku husika, ikieleza sababu ya yowe, urefu wake, na kama mvamizi amearifiwa. Kijiji kitakachokaa usiku mia moja mfululizo bila yowe kitaitwa Kijiji Salama cha Taifa, na kitapewa zawadi: nguzo moja yenye taa. Taa! Nyangoro! Wakati huo sikujua kwamba taa ile ingewashwa mchana tu, kwa sababu wataalamu wamethibitisha kwamba mtu akiona vitu usiku huanza kuogopa.

Nyuma ya umati akasimama Bibi Siwema, mkunga wetu. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, ana mikono mikubwa kama ya fundi seremala. Nusu ya kijiji ilitua duniani juu ya mikono hiyo, na binti yangu Tunu, aliyekuja kwa kutanguliza miguu, alinusurika kwa sababu yake.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi natembea usiku. Watoto hawachagui saa. Nikivamiwa leo usiku, hiyo fomu naijaza saa ngapi?"

"Swali zuri sana, mama. Unaijaza leo mchana."

"Na kama mchana sijui kwamba usiku nitavamiwa?"

Waziri alitabasamu kwa upole wa mtu aliyesoma. "Hapo mama utakuwa hujajipanga."

Tulicheka sana. Na mimi nilicheka. Bibi Siwema alivua kofia, akaikunja vizuri, akaiweka chini, akaenda zake.

*

Nilikabidhiwa daftari. Kila usiku nilitakiwa kukaa mlangoni kwangu, ndani ya kizingiti, nisikilize hadi alfajiri, kisha niandike idadi ya mayowe. Kutoka nje nilikatazwa, maana karani akionekana anatembea usiku watu watafikiri kuna jambo. Kila Jumatatu Afisa Hisia wa wilaya, Ndugu Pazi, alikuja kukagua. Alikuwa kijana mtanashati mwenye viatu visivyoshika vumbi.

Usiku wa kwanza niliandika: Hakuna. Wa pili: Hakuna. Wa sita, watu wa gari lisilo na taa wakaingia kwa mzee Kashindi.

Mzee alikuja kwangu asubuhi, macho mekundu.

"Karani, wameniswagia ng'ombe wote wanne."

"Pole sana, mzee wangu. Ulipiga yowe?"

"Nilitaka. Nilifungua mdomo hivi. Mmoja wao akaniuliza, 'Mzee, fomu unayo?' Nikamwambia ninayo lakini sijaijaza. Akasema, 'Ijaze, hatuna haraka.' Akaniazima na kalamu."

"Kalamu ya rangi gani?"

"Karani!"

"Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu tu."

"Ya buluu. Basi nikajaza. Pale kwenye urefu wa yowe nikakwama, yeye akanishauri niandike dakika mbili. Nilipomaliza nakala ya tatu ng'ombe walikuwa wameshapakiwa. Akaisoma, akasema nimeandika vizuri ila muda umepita, ni ya kesho." Akajifuta uso kwa kofia ya serikali. "Tena lile gari, Karani, mimi kama nalijua. Kama lile linalokujaga Jumatatu."

Nikaandika: Mzee Kashindi haoni vizuri. Kwa upande wa ng'ombe nikaandika kwamba wamehama.

Ndugu Pazi alifurahi sana alipolisoma neno hilo. Alisema lina utulivu ndani yake, akaomba ruhusa ya kulipeleka wizarani. Tangu hapo Nyangoro hakikuibiwa kitu. Kuku walihama, baiskeli zilihama, mabati ya zahanati yalihama yote kwa usiku mmoja, yakifuatana kwa nidhamu. Wale watu walianza kuja mapema, hata kabla watu hawajamaliza kula, na waligonga hodi. Wenye nyumba walijifunza kulala chali, macho wameyafumba, wakisubiri wageni wamalize.

Asubuhi tulisalimiana kwa sauti za chini. "Umelalaje?" "Salama." "Na wewe?" "Salama sana." Hakuna aliyeuliza la pili.

Mzee Kashindi peke yake alituangusha. Alianza kuota. Usiku aliwaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti iliyofika nyumba tatu. Majirani walikuja kwangu kumsemea, wakiwa na huruma kabisa.

"Si kwamba tunamchukia," waliniambia. "Lakini tumebakiza usiku arobaini, Karani. Taa itatuponyoka."

Nikamtaarifu Ndugu Pazi. Mzee akachukuliwa kwenda Kituo cha Matulizo, huko nyuma ya milima. Alirudi baada ya wiki tatu, amenyolewa, anatabasamu. Hadi leo anakaa kizingitini mwake anatabasamu. Mkewe akimletea uji anamwita "afande". Na hao ndio wanaorudi. Wasiorudi tunaambiwa ndio waliotulia zaidi.

*

Bibi Siwema alikuja kwangu jioni moja, usiku wa themanini na kitu ukikaribia. Tunu, binti yangu, alikuwa ameketi uani akichambua mchele, tumbo limefika magotini. Mumewe yuko machimboni mbali, na mama yake alishatangulia mbele ya haki. Mimi ndiye baba, mimi ndiye mama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akamshika Tunu tumbo, akalisikiliza kwa kiganja, kisha akanivuta kando. "Mtoto kakaa kama mama yake alivyokaa. Miguu chini. Usije ukasema tutampeleka mjini, gari hutapata. Uchungu ukianza, niite hapo hapo, hata iwe saa ngapi."

"Nitakuita, Bibi."

"Nitapita kwenye kivuko cha mto. Wale watu wanakaa pale siku hizi." Akanitazama. Aliponitazama nilijiona mtoto aliyekojoa kitandani. "Karani, nakuuliza mbele ya Mungu. Nikipiga yowe pale kivukoni, utatoka?"

Ni umbali wa kutupa jiwe mara tatu kutoka mlangoni kwangu.

"Bibi, kuna fomu."

"Sijauliza fomu."

"Tumebakiza siku chache tu. Ikishakuja taa..."

"Haya," alisema. Akachukua kikapu chake. Hakunikasirikia, na ndicho kilichoniuma.

*

Uchungu wa Tunu ulianza usiku wa mia moja. Usicheke, nchini kwetu hata Mungu hufuata ratiba ya serikali.

Jua lilikuwa limeshazama. Kalamu ninayo, daftari liko magotini, tarehe nimeshaiandika. Bado neno moja tu na taa ni yetu. Tunu akaita kutoka chumbani, "Baba, yameanza." Nilimpigia Bibi Siwema simu.

"Njoo unichukue, Karani. Tutembee wawili."

"Bibi, mimi siruhusiwi kutoka. Na Tunu yuko peke yake."

Nilimsikia akipumua. "Bandika maji," alisema. "Nakuja."

Nikabandika maji. Nikarudi kizingitini. Niliona mwanga wa kandili yake ukitoka upande wa pili wa bonde, mdogo, ukipanda na kushuka kwa mwendo wake. Nilikuwa naufuata kwa macho na kuuombea. Ukafika kivukoni. Ukasimama. Ukazimika.

Halafu yowe likaja.

Sikuwa nimesikia yowe kwa usiku tisini na tisa, na nilikuwa nimesahau lilivyo. Linaingia mifupani. Mwili wangu ulisimama wenyewe, mkono ukaenda kwenye mchi uliokuwa nyuma ya mlango, kama ulivyofundishwa tangu utotoni. Daftari likaanguka. Yowe likaja tena. Nilisubiri mtu alipokee. Nilisema moyoni, akipokea mmoja tu, mimi nitakuwa wa pili. Nyumba mia mbili na kumi na tatu zilinyamaza, kila moja ikisubiri kuwa ya pili.

"Baba!" Tunu aliita. "Huyo si Bibi Siwema?"

"Ni fisi," nilisema.

Likaja mara ya tatu, fupi, likakatika katikati. Nikaokota daftari nikalipangusa vumbi.

Saa ikapita. Maji yalichemka yakakauka, nikabandika mengine. Tunu aliacha kuita, akawa anaguna tu kama mtu anayebeba mzigo usio wake. Niliingia na taa ya mkononi. Niliona mguu mmoja mdogo wa mtoto, wa buluu, na damu nyingi. Sijui kitu kuhusu mambo hayo. Ninajua mihuri.

"Baba," aliniambia taratibu, "nakufa."

Nilitoka mbio. Niliruka kizingiti cha serikali, nikasimama katikati ya uwanja kwenye giza, nikapiga yowe. Nililipiga kwa nguvu zangu zote. Nikataja jina langu, nikataja la Tunu, nikawataja majirani mmoja mmoja kwa majina ya baba zao. Nikasikia jibu. Yalikuwa makomeo. Nyumba ya kushoto, kisha ya kulia, kisha ile ya mbele, yakisukumwa polepole ili yasilie. Koroboi moja iliyokuwa bado inawaka kwenye dirisha la jirani ikapulizwa ikazimika. Sikuwalaumu. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Nilipiga hadi sauti ikaisha. Ndipo niliposikia hatua kutoka upande wa mto, nzito, za kuburuta. Mtu alikuja akapita mbele yangu bila kusimama. Alinuka matope na damu. Mkono wa kushoto aliushika kwa ule wa kulia, kilemba chake kimelowa.

"Bibi," nilisema, "umekujaje?"

"Nimesikia yowe."

"Lakini sisi... wewe ulipopiga, sisi..."

"Maji yamechemka?" akauliza, akaingia ndani.

Alimgeuza mtoto kwa mkono mmoja. Mara mbili alisimama akaegemea ukuta, mara mbili akarudi. Kabla jogoo hajawika mtoto wa kike akatoka, Bibi Siwema akampiga kofi la matako, na mtoto akalia kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia. Tunu alifungua macho. Mimi nilikuwa nimekaa chini sakafuni nalia, na sioni haya kuliandika hilo.

*

Ndugu Pazi alifika saa tatu asubuhi na lori la nguzo, mafundi wawili na bendi. Nguzo ikasimikwa. Taa ikawashwa, jua likiwa karibu na utosi. Watu wakaja na kofia zao. Kisha akaniita pembeni, chini ya ukuta wa zahanati isiyo na bati, Bibi Siwema akiwa amekalishwa kwenye kigoda, mkono umefungwa kwa khanga ya Tunu.

"Karani, tuna tatizo dogo la hesabu," alisema. "Daftari lako la jana halina neno. Lakini kuna wananchi wema waliosikia sauti tatu."

Akazichambua, na mimi naandika jinsi alivyosema. Sauti ya tatu ilikuwa ya mtoto mchanga. Mtoto amesamehewa kwa ajili ya umri, ila jina lake limewekwa kwenye orodha. Sauti ya pili ilikuwa ya karani. Karani ni serikali, na serikali haipigi yowe. Kwa hiyo sauti ya pili haikutokea.

"Inabaki ya kwanza," alisema. "Bibi huyu anadai alivamiwa kivukoni akapiga yowe. Kama alipiga, taa inang'olewa, na kila aliyesikia bila kutoa taarifa atashtakiwa, kuanzia aliye karibu. Kama hakupiga, basi ni mgonjwa wa hofu, na serikali itamtibu bure. Karani, wewe ndiye mwenye masikio ya kijiji. Jana usiku, kabla ya mtoto, ulisikia yowe kivukoni?"

Dirisha la chumba cha Tunu lilikuwa wazi, na nilijua anasikia, mtoto akiwa na titi mdomoni. Nilimfikiria mtoto na orodha. Nilimfikiria mzee Kashindi anavyotabasamu. Ningependa kukuambia kwamba nilifikiria jambo jingine pia.

Bibi Siwema alinitazama. Hakuniomba kwa macho wala hakunitisha. Alikuwa amechoka tu, na alitaka kujua.

"Sikusikia," nilisema.

Watu walipiga makofi. Bendi ikaanza. Ndugu Pazi mwenyewe alichukua kalamu akaandika lile neno la mia kwenye daftari langu, kwa hati nzuri kuliko yangu.

Walimchukua mchana kweupe, saa saba, kwa sababu sheria yetu inakataza kukamata watu usiku. Huvuruga usingizi wa raia. Vijana wawili walimshika kwapani, mmoja akiubana ule mkono uliojeruhiwa. Alipitishwa uwanjani katikati yetu, mbele ya wanawake aliowazalisha na wanaume aliowapokea wakiwa uchi na damu, wote wamevaa kofia mpya. Alikuwa na nafasi ya kutosha na pumzi ya kutosha. Alitembea kimya, akapanda gari, akakaa, akaweka kikapu chake magotini.

Tunu alikuwa ametoka nje akiegemea mlango, mtoto kifuani, uso hauna damu. Alilitazama gari mpaka likapotea kwenye vumbi.

"Baba," aliniuliza, "mbona Bibi hakupiga yowe?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kikarani. Nikamwambia ukweli.

"Anatujua."